Tarantula wa kwanza: wa Amerika au wa kwetu?

Ukiwa Mwanza na umeamua kufuga tarantula kwa mara ya kwanza, anza kwa kuuliza ametoka bara gani. Mambo ya rangi na ukubwa yatafuata. Familia hii ya buibui, wataalamu wanaiita Theraphosidae, ina spishi zaidi ya elfu moja, lakini mtu anayeanza anaweza kuzigawa mafungu mawili: wa Amerika upande mmoja, na upande wa pili wetu wa Afrika pamoja na ndugu zao wa Asia. Mafungu haya hujilinda kwa njia tofauti, na namna buibui anavyojilinda ndiyo itakayoamua kama utamfuga kwa raha au utaishia kumwogopa ndani ya chumba chako mwenyewe.

Wengi wa Amerika wana vinyweleo vya kuwasha juu ya tumbo. Akiudhiwa, humgeuzia adui mgongo na kukwangua tumbo kwa miguu ya nyuma, vinyweleo vikapeperuka hewani. Vikikupata mkononi utajikuna kama mtu aliyepita kwenye upupu. Vikiingia jichoni usivisugue, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Kwa kuwa ana kinga hiyo, kuuma kwake ni hatua ya mwisho kabisa, na sumu yake kwa mtu mzima mwenye afya ni hafifu: maumivu na uvimbe unaopita.

Wa Afrika hana vinyweleo hivyo. Yeye ana kasi, chonge na sumu yenye nguvu zaidi. Akishtuka hunyanyua miguu ya mbele na kuzionyesha chonge zake, na usipompa nafasi atauma kweli. Hakuna kifo cha mtu kilichothibitishwa kuwa kimesababishwa na sumu ya tarantula, na jambo hilo liwatulize wazazi. Lakini maumivu ya kuumwa na baadhi ya hawa wa kwetu ni makali, na misuli inaweza kukakamaa na kubana kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo natoa hukumu yangu mapema: anayeanza achukue wa Amerika, wa ardhini, mwenye mwendo wa pole. Hawa wa kwetu nawapenda kuliko wote, na ndiyo maana sitaki waangukie mikononi mwa mtu ambaye bado hajajua kufungua mfuniko.

Wetu wawili

Vijana huniuliza, "Mwalimu, kwa nini nihangaike na buibui wa Honduras wakati Mungu ametupa wetu?" Mwanangu, ni swali zuri, na linastahili jibu kamili.

Anayetajwa zaidi ni Pterinochilus murinus. Alielezwa kisayansi na Pocock mwaka 1897, na makazi yake yanaanzia Angola, yakapita katikati ya bara hadi huku Mashariki na kushuka kusini. Wapo wa kijivu, wa hudhurungi, na wapo wa rangi ya chungwa kali. Hao wa chungwa wafugaji wa Ulaya na Marekani huwauza kwa jina la Usambara, milima yetu ya Tanga. Ni wazuri mno, na juu ya gamba la mbele wana mistari inayosambaa kutoka katikati kwenda pembeni.

Kwa matunzo hakuna rahisi kuliko yeye. Anavumilia ukavu, anakula kila anachopewa, anakua haraka kiasi kwamba dume huweza kukomaa kwa mwaka mmoja hivi, na hufuma utando mwingi mpaka boksi zima linakuwa mahandaki ya hariri. Ukisoma orodha ya matunzo peke yake utasema ndiye wa kuanzia. Tatizo liko kwenye ile sekunde unayofungua mfuniko. Tarantula mpole wa Amerika ukimgusa kwa brashi laini husogea hatua mbili tatu akatulia. Huyu huchomoka kwa kasi isiyofuatika kwa macho: anazunguka boksi, anapanda kibano ulichoshika, anafika kiwikoni, na yuko sakafuni kabla hujapumua. Mfugaji mzoefu humfungulia ndani ya beseni pana, kikombe cha kumfunika kiko karibu, na hana haraka. Anayeanza huachia mfuniko na kurudi nyuma.

Sasa weka tukio hilo ndani ya chumba kimoja cha kupanga pale Mabatini au Igogo. Kuna kitanda, begi la nguo, ndoo za maji, viatu mlangoni, na mlango wa jirani uko hatua chache kutoka wako. Watoto wanacheza koridoni. Buibui akishaingia nyuma ya begi, usiku huo hakuna atakayelala, na asubuhi mama mwenye nyumba atakuwa amekwisha kusikia. Kuna na jambo lingine ambalo mtu wa Ulaya halifikirii: hapa kwetu jirani akiona buibui mwenye manyoya, mkubwa kama kiganja, anatoka chumbani kwako, anaweza kulichukulia kuwa la kishirikina. Hilo halina mzaha Usukumani. Linaweza kumletea mtu madhara makubwa kuliko kuumwa.

Wa pili ni Pelinobius muticus, wa Kenya na Tanzania, ambaye Karsch alimweleza mwaka 1885. Huyu ni jitu. Miguu yake ikinyooshwa hukaribia sentimita 20, rangi yake ni ya udongo mwekundu, na miguu ya nyuma ni minene, imepinda, imeumbwa kwa kuchimba. Anapokasirika husugua sehemu za mwili wake akatoa sauti ya kufoka unayoisikia wazi ukiwa umesimama. Namheshimu sana. Kama mnyama wa kufugwa na anayeanza, hafai kwa sababu mbili: hasira zake, na kwamba anataka udongo wa kina kirefu sana ambamo atazama na usimwone kwa wiki nyingi. Anakua polepole pia. Utakuwa unamlisha mnyama usiyemwona.

Wanne wa Amerika

Ninayempendekeza kwanza ni Tliltocatl albopilosus, wa Honduras, Nikaragua na Kosta Rika. Zamani aliwekwa kwenye jenasi ya Brachypelma, yaani kundi la spishi ndugu, mpaka mwaka 2020 alipohamishiwa hii ya sasa. Ni wa hudhurungi, na mwili mzima una nywele ndefu zilizojisokota, za rangi ya dhahabu zikipigwa na mwanga. Si yule ambaye wageni wako watapiga kelele kwa uzuri wake. Lakini anakula vizuri, anakua kwa mwendo wa wastani, anakubali makosa madogo ya unyevu, na wengi wao ni watulivu kweli. Hukaa nje ya shimo muda mwingi, kwa hiyo unamwona, na kumwona ndiyo sababu ya kumfuga. Jike huweza kuishi karibu miaka 20.

Grammostola pulchra wa kusini mwa Brazil na Uruguay ni mweusi tii, mweusi wa mahameli. Kwa upole huenda anamzidi huyo wa kwanza. Shida yake ni muda: ukinunua kitoto cha sentimita moja utangoja miaka saba au nane kabla hujaona jike lililokamilika. Ukiwa na uwezo, nunua aliyekwisha fika sentimita tano au sita. Ukiwa na subira ya kweli, nunua kitoto; wapo watu ambao kungoja huko ndiko kunakowafurahisha.

Brachypelma hamorii, mwenye magoti mekundu, ametoka pwani ya Pasifiki ya Mexico. Huyu ndiye wengi wamemwona kwenye picha bila kujua jina lake, na kwa miaka mingi alichanganywa na ndugu yake Brachypelma smithi, hadi uchunguzi wa mwaka 2017 ulipowatenganisha wazi. Anavumilia ukavu, anaishi muda mrefu sana, na sura yake haichoshi. Ila ni mwepesi wa kukwangua tumbo kuliko wale wawili. Mwenye pumu, au mwenye watoto wadogo ndani ya nyumba, nisingemshauri aanze naye.

Wa nne ni Caribena versicolor wa kisiwa cha Martinique, anayeishi mitini. Akiwa mdogo ni wa buluu, akikua anakuwa wa kijani na wekundu wa zambarau. Kwa uzuri wa rangi anawashinda wote niliowataja. Hata hivyo anaruka, na akiwa mdogo hufa upesi katika boksi lenye hewa nzito. Watu husoma kwamba anapenda unyevu, wakamfungia kwenye chupa yenye majimaji, akafa. Anachohitaji ni hewa inayopita, gome la mti lililosimama, na maji ya kunywa. Awe wako wa pili.

Hao watatu wa ardhini wana matunzo yanayofanana. Upana wa boksi uzidi kimo chake, kwa sababu tarantula wa ardhini ana tumbo laini na akianguka kutoka juu linaweza kupasuka. Kutoka kwenye udongo hadi kwenye mfuniko, nafasi isizidi mara moja na nusu ya upana wa miguu yake. Weka udongo wa kutosha kuchimba, kipande cha gome au kigae cha chungu cha kujificha, na kisahani cha maji safi. Aliyekomaa anatosheka na mdudu mmoja kila wiki au kila wiki mbili. Akikataa kula mwezi mzima huku tumbo limenona, mwache.

Chumba chako cha Mwanza

Vitabu vya ng'ambo hutumia kurasa nyingi kueleza taa na mikeka ya joto. Ukanda wetu uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na joto la kawaida la chumba hapa linawatosha hawa wote, hata usiku wa Julai. Hela ya taa ibaki mfukoni. Jihadhari na kinyume chake: chumba cha bati kisicho na dari hupika saa nane mchana. Weka boksi chini, mbali na dirisha, pasipopigwa na jua hata kidogo.

Hatari kubwa ya tarantula Kanda ya Ziwa ni dawa ya wadudu. Hapa nataka msomaji aende polepole.

Mikoa yetu imepitiwa na kampeni za kupulizia dawa ukoko majumbani ili kuua mbu wa malaria. Dawa hiyo hukaa ukutani kwa miezi. Malaria inaua watoto wetu, kwa hiyo mtu yeyote asikatae kupuliziwa nyumba yake kwa sababu ya buibui. Jipange tu. Siku ya kupulizia, toa boksi nje ya nyumba, lifunike, na ulipeleke kwa ndugu ambaye zamu ya nyumba yake bado. Likirudi, likae katikati ya meza, lisiguse ukuta. Mende anayetembea ukutani mwako usimpe kamwe: ametembea juu ya sumu, na atakayemla ataipata. Vivyo hivyo dawa za kupuliza za kopo na udi wa mbu. Lala ndani ya chandarua, na hivyo vingine visitumike chumba anamolala buibui.

Na chandarua chenyewe! Mtu anatafuta wavu wa kuziba matundu ya hewa kwenye boksi, anaona kipande cha chandarua cha zamani, anakikata na kukibandika. Vyandarua tunavyogawiwa vimetiwa dawa. Buibui atakanyaga ule wavu usiku kucha. Toboa matundu madogo kwa msumari wa moto kwenye plastiki yenyewe, basi. Boksi la plastiki la kuhifadhia vyakula, lenye mfuniko unaobana, utalipata soko la Makoroboi. Ukitaka la kioo, fundi anayetengeneza matangi ya samaki atakuundia, lakini mwambie aache silikoni ikauke hadi harufu iishe kabisa kabla hujamwingiza mnyama.

Udongo uchukue mahali ambapo hapajalimwa. Usichukue kwenye shamba la pamba, wala panzi wa humo usimshike, iwe Magu, Kwimba au Misungwi, kwa kuwa pamba hupigwa dawa mara nyingi kwa msimu. Ukaange udongo kwenye sufuria kuukuu mpaka uive, upoe, ndipo uunyunyizie maji kidogo.

Chakula cha uhakika ni kile ulichokifuga mwenyewe. Nyenje ndio rahisi: ndoo, trei za mayai za kujificha, pumba, vipande vya papai au majani ya maboga, na kopo la udongo mbichi wa kutagia. Upande wa Kenya wa ziwa hilihili, kule Bondo, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kina kituo kinachochunguza wadudu wa chakula, na ufugaji wa nyenje ni sehemu ya kazi hiyo, kwa hiyo ujuzi huu haupo mbali nasi. Senene je? Wanaouzwa wakiwa wamenyonyolewa mbawa na miguu hawafai, maana tarantula hufuata kinachotembea. Senene hai aliyenaswa porini mbali na mashamba anafaa mara mojamoja, ingawa najua nyumba nyingi ambako senene hatabaki wa kumpa buibui.

Kisha kuna sisimizi na siafu. Tarantula anapojivua gamba hulala chali, saa nyingi, mwili laini, hana nguvu ya kujitetea. Msafara wa sisimizi ukimkuta hapo umemmaliza. Simamisha miguu ya meza kwenye makopo yenye maji ya sabuni, na mabaki ya chakula yatoe kila asubuhi. Ukimkuta chali usimguse wala usimpindue, hajafa. Ondoa nyenje aliyemo ndani, hakikisha maji yapo, na usimlishe tena mpaka chonge zake ziwe nyeusi na ngumu, jambo linalochukua wiki moja au mbili kwa mkubwa.

Kuhusu kumshika mkononi, msimamo wangu ni kwamba usimshike. Hapati faida yoyote, na akianguka kutoka urefu wa kifua chako amekufa. Wasukuma wana Bayeye, wacheza ngoma na nyoka, ambao kumbukumbu zao zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Bujora kule Kisesa. Watu huona chatu begani na kudhani ni ujasiri mtupu. Bayeye ni chama chenye mafunzo na dawa zake za kuumwa, na mtu hujifunza chini ya wakubwa kabla ya kusimama uwanjani. Wewe mwenye tarantula mmoja na wiki mbili za kusoma bado hujafika huko. Tumia kikombe, kadi ngumu na brashi.

Karatasi

Brachypelma wote wamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, na Tliltocatl albopilosus alihesabiwa pamoja nao, hivyo biashara yao kati ya nchi na nchi inahitaji vibali. Kabla hujatuma hela kwa mtu, nenda ofisi ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na ofisi ya mifugo ukaulize vibali vya kuingiza na kufuga mnyama hai, na mwuzaji akuonyeshe kwamba buibui wake amezaliwa kifungoni. Anayekuambia atampitisha kwenye soksi ndani ya begi, achana naye.

Upande wa pili pia uangaliwe. Wapo watu wanaowaahidi vijana hela ili wawafukulie buibui na mijusi wa kupeleka nje. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Usikubali kutumwa. Jike la tarantula unalolifukua linaweza kuwa na miaka mingi katika shimo lilelile, na ukishaondoa majike, mahali hapo hapajai tena upesi.

Kama vibali vimekushinda, bado unaweza kumjua tarantula vizuri bila kummiliki. Nenda kijijini kipindi cha mvua, usiku, na tochi yenye mwanga hafifu, uangalie mashimo yenye utando mdomoni. Vaa viatu vya kufunika, simama hatua mbili nyuma, usichokoe kwa kijiti. Kaa hapo. Atatoka mwenyewe na kusimama mlangoni kwake, miguu ya mbele nje, akisubiri mdudu apite. Utajifunza hapo kwa saa moja zaidi ya ambavyo wengi hujifunza kwa boksi.

Siku ya kumpokea

Mwangalie tumbo: liwe la mviringo, lisilosinyaa, lisilo na jeraha linalovuja. Miguu iwe imetandazwa. Aliyeikunjia yote chini ya mwili ana kiu kali au anakufa. Mguu mmoja ukipungua usishtuke, huota tena baada ya kujivua mara kadhaa.

Mwambie mwuzaji akupe na gamba la mwisho alilojivua, kwa sababu ndani ya gamba la tumbo mtu anayejua anaweza kuona kama ni jike. Jambo hili lina uzito kuliko spishi. Dume likishajivua mara ya mwisho kwa kawaida haliishi zaidi ya mwaka mmoja au miwili, na wauzaji wengine huwapa wanaoanza madume kama hayo kwa bei ya kuvutia. Tazama mikono miwili midogo iliyo karibu na mdomo: ikiwa imevimba nchani kama ngumi za ndondi, na mwili ni mwembamba wenye miguu mirefu, hilo ni dume lililokomaa. Mrudishie, na umwombe jike changa hata kama ni dogo na bei imepanda.